Sawa Tu ya Baba Mdogo Serafin

Hinterlarch, Jumatatu

Kaka yangu Kassian,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu yeyote, hata wifi Rosalia, na ukiimaliza iweke mahali asipofanya usafi. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu ni ya ofisi, na ofisini kwetu hakuna cha mtu binafsi.

U hali gani, na watoto je? Kikohozi cha Jakob kimepoa? Huku tu wazima, isipokuwa yule ambaye Mama alikupigia simu kwa ajili yake. Alikwambia kwamba Baba mdogo Serafin ameanguka kazini na kuvunjika nyonga. Ni kweli, lakini ni kipande tu cha ukweli.

Ungekuja sasa usingelitambua bonde letu. Malisho ya Babu yanaitwa Ufalme wa Fipsi. Fipsi ni marmoti, yule mnyama wa milimani kama panya mkubwa, ila huyu ni wa manyoya ya bandia, na ndani yake mna mwanachuo anayetoka jasho na kutukana. Kila asubuhi anacheza na watoto, huku wazazi wao wamejinyoosha kwenye viti vya jua wakinywa divai ya moto, wamevaa nguo za mabingwa wa skii ilhali hawajavuka hata lile zulia la umeme linalowapandisha wanaoanza. Madonge ya jibini yanaletwa na lori yakiwa yameganda, kisha yanaandikwa kuwa ni ya Bibi. Bibi yupi, hakuna anayeuliza. Juu ya yote hayo yupo mkurugenzi wa kampuni yetu ya miteremko, Bwana Zwettler wa Vienna, mwenye kofia ya mwindaji na unyoya wake, asiyejua kumtofautisha mbuzi wa mlimani na mbuzi wa maziwa. Kila Jumatatu hutuambia kwamba hatuuzi theluji, tunauza tabasamu. Nasi makarani tunatabasamu, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu mkataba wangu unaisha Pasaka.

Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi namwuliza Baba mdogo kwa redio hali ya kila njia, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa miteremko, kisha naandika ubaoni na kubonyeza taa: kijani au nyekundu. Yeye mwenyewe alinifundisha kwamba karani haulizi "tufungue?" Karani anauliza "wazi au imefungwa?", na kabla ya kuandika anarudia neno alilolisikia. Nilidhani kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya wajinga.

Jumanne iliyopita theluji mpya ilifika kiunoni. Njia ya sleji, vile vitoroli vya kutelezea thelujini, iliyo chini ya ukuta wa mwamba wa Ochsenwand ilikuwa imefungwa siku mbili, na Zwettler alikuwa ameahidi mashindano ya familia, Fipsi akigawa medali za chokoleti. Akaja kusimama nyuma ya kiti changu, ananuka peremende ya mnanaa. Akasema nimwulize yule mzee kama tufungue njia ya sleji, tena upesi, watu hawakutoka Hamburg kuja kukodolea macho ukuta. Nikauliza hivyohivyo: tufungue? Baba mdogo akajibu, "Sawa tuu."

Wewe unalijua neno hilo, kaka. Fundi akishakaza bawaba husema sawa tu, na mlango unafunga vizuri. Marehemu Baba naye, Mama akitaka kumwongezea madonge, alisema sawa tu huku akifunika sahani kwa kiganja. Bonde zima linasema hivyo, na anayesikiliza hutazama mkono. Redioni hakuna mkono.

Zwettler akanigonga begani. "Si umesikia, binti? Sawa. Andika basi!" Nikaandika WAZI, nikabonyeza ya kijani.

Baba mdogo aliiona taa akiwa juu. Akateremka moja kwa moja hadi kwenye njia, akaikinga kwa mwili wake na skii zake, akawa anawarudisha wenye sleji huku akiwaita wazazi majina ambayo sitayaandika. Baba mmoja alimpiga picha ili amshtaki kwa kumharibia likizo. Wa mwisho walikuwa wasichana wawili, pacha. Alipokuwa akiwasukuma pembeni, ukuta ukaachia theluji yake yote. Watoto hawakupata hata mchubuko. Yeye alifukuliwa baada ya dakika kumi na moja. Mchana huohuo Fipsi alicheza kama kawaida.

Polisi walimwuliza hospitalini Innsbruck ni nani aliyeamua kufungua. Aligeukia dirisha akasema, "Sawa tu." Zwettler alikuwa kando ya kitanda na shada la maua. Akarudi kuniamuru nichape kwamba mkuu wa miteremko amekiri kusema ni sawa. Karatasi iko mezani kwangu. Alhamisi saa tatu natakiwa kutia sahihi mbele ya polisi kwamba nami ndivyo nilivyosikia, na Baba mdogo apelekwe mahakamani baada ya majira thelathini na moja ya baridi bila mtoto kuumia. Kisha Zwettler akanisogezea medali ya chokoleti. "Pasaka haiko mbali, binti," akasema.

Sasa nikwambie ninalolificha. Nimewadharau wote tangu mwanzo wa barua hii, na ninayemdharau zaidi nilikuwa sijamtaja. Nilijua. Aliivuta ile "tuu" kama anavyoivuta siku zote akimaanisha achana nayo. Niliisikia vizuri, kidole kikasita juu ya kitufe. Niliiogopa ile harufu ya mnanaa shingoni kwangu kuliko mlima. Na Baba mdogo anajua kwamba nilijua. Jana nilimtembelea, nikafungua mdomo nimwambie, naye akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Sawa tu, Burgi," akasema.

Mimi siachi. Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa mbili, na nakala imo humu ndani ya bahasha, ili yangu yakipotea kwa polisi, yako yabaki. Nakuomba uje usimame karibu nami Alhamisi, kwa sababu najijua nikiwa peke yangu. Lakini hata usipokuja nitakwenda.

Msalimie wifi, nibusie watoto. Usipige simu ofisini, wala nyumbani, Mama hajui lolote. Piga Jumatano kabla ya saa moja asubuhi kwenye duka la mikate la Mama Kreszenz, uniite, nitakuwa pale. Ukija, shuka Larchbruck, usipande basi la wenye skii, madereva wana midomo. Nitakungoja nyuma ya ghala la chumvi ya barabara. Na nikipokea simu, kaka, usiniambie sawa tu. Sema nakuja, au sema siji, nami nitalirudia neno lako kabla ya kukata simu.

Mdogo wako,
Notburga