Mchezo Usiomhurumia Mzee Wangu

Jumamosi. Baridi ya Julai. Manyunyu yanadonoka juu ya mabati tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana bado zinalia maji kwenye kamba.

Lakini kabla ya habari ya leo, wewe unayesoma: ulipotelea wapi? Nilipoandika habari ya jogoo wa jirani aliyeingia kanisani katikati ya sadaka, mlijaa kwenye ukurasa huu kama watu wa harusi. Mzee wangu alipoanguka, kimya. Hata hodi sikusikia. Utaniambia kwamba hata mimi sikuandika. Mimi nilikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa na nini?

Basi kaa. Sikufukuzi. Nakugombeza kwa sababu nilikungoja.

Kwa aliyeingia leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Wangari wa hapa Jericho, wajukuu wananiita Shosho. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Naiambia simu maneno yangu, nayo inaandika. Mjukuu wangu Shiru akija kutoka Kayole ananisomea, tunaondoa upuzi ambao simu imejitungia yenyewe.

Leo nataka kuandika juu ya mchezo wa simu. Usicheke. Ngoja kwanza.

Mzee wangu alishikwa na kiharusi kabla ya Pasaka. Mkono wa kulia ukajikunja, ulimi ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka kama mtu aliyejaza kokoto mdomoni. Huyu ni mwanamume aliyetengeneza redio maisha yake yote na kuongea kuzishinda zote. Jioni alikuwa na kiti chake sokoni, kando ya fundi viatu, pale wazee wanapocheza drafti kwa vifuniko vya soda, vya huyu vimelala chali, vya yule vimelala kifudifudi.

Kama hujawahi kusimama pale, jua kwamba kwenye drafti mdomo ni nusu ya mchezo. Wanatukanana kuanzia kifuniko cha kwanza. "Unafikiria nini, unasubiri mvua?" "Mwambieni mkewe amtafute, huyu amepotea." Mzee wangu hakuwa wa kupiga kelele. Akimfunga mtu, alimtazama tu usoni, polepole, kisha akasema neno moja.

Mboga.

Maana yake wewe ni mwepesi, wewe ni kitu cha kutafuna bila meno. Watu wazima walirudi nyumbani na hasira kwa sababu ya neno hilo.

Sasa sikia kilichomvunja, maana si kiharusi. Rafiki yake wa drafti, Baba Akinyi, alikuja kumwona. Akaleta ubao wao, akauweka kitandani. Nikafurahi, nikakimbilia chai. Niliporudi nikaona jambo ambalo hata mimi nisiyecheza nililiona: Baba Akinyi alikuwa anaacha vifuniko vyake wazi. Anavipanga viliwe. Mzee wangu akala kimoja kwa mkono wa kushoto. Akala cha pili. Halafu akaacha kula, akamtazama rafiki yake muda mrefu, akafagia ubao wote ukaanguka chini.

Nikaokota vifuniko chini ya kitanda mimi mwenyewe, kwa magoti yangu haya.

"Nilitaka tu afurahi, Mama Wangari," Baba Akinyi akasema, kofia mkononi.

"Umemzika akiwa anapumua," nikamwambia. Hivyo ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hauna breki.

Tangu siku hiyo mzee hakusema neno. Hata yale ya kokoto aliyaacha. Akitaka chai, anaelekeza kidevu. Akichoka na wageni, anageukia ukuta. Usiku mimi humsemesha, namkumbusha watu tuliowajua, naye ananitazama kwa upole, na mdomo umefungwa kama duka la marehemu.

Niliogopa. Wewe uliyeishi na mtu hadi ukajua anavyokohoa, unajua ni woga gani. Nilikuwa naye kitandani na nilikuwa nimeanza kumkosa.

Kule kliniki yuko binti anayemfanyisha mazoezi. Alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Mkono wa mzee, alisema, haujasahau kushika. Umesahau kuachilia. Ndiyo maana umejikunja. Akatupa kimpira cha sponji cha kufinya na kuachilia. Mzee alikifinya mara moja, akashindwa kukiachilia, nikalazimika kukitoa kidole kwa kidole. Kesho yake nilikikuta kwa paka.

Halafu Shiru akaja wikendi moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kucheza na simu yake. Nikataka kumgombeza. Unakuja kumwona Guka, babu yako, unamwonyesha kisogo? Lakini nikaona macho ya mzee. Yalikuwa yanafuata kile kitu kwenye kioo.

Ni kajiwe. Kajiwe kadogo keusi kenye macho mawili, kanaviringika kenyewe. Hakuna bunduki, hakuna magari. Ukiweka kidole, kanakuwa kazito. Ukitoa kidole, kanakuwa kepesi kama unyoya. Basi. Kitufe kimoja, hakuna kingine. Kwa huo uzito na huo wepesi unakavusha mito, unavunja mbao, unakapandisha juu ya upepo, hadi kafike kwenye kijishimo chake kakalale.

Shiru akakosea, kajiwe kakatumbukia. Na mzee akatoa sauti puani. "Mh!" Ile sauti ya watazamaji wa drafti wanapoona mjinga ameanika vifuniko vyake.

Shiru si mjinga. Akaweka mto kwenye mapaja ya Guka, simu juu ya mto, akachukua kidole gumba cha ule mkono wa kulia, akakiweka juu ya kioo. Kajiwe kakaanguka. Kakaanguka tena. Shiru akanyoosha mkono amsaidie, mzee akamsukuma kwa kiwiko.

Kwa kiwiko! Nikaenda jikoni kulia kwenye vitunguu.

Simu hiyo hatukuirudisha. Shiru amerudia ile yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Mungu ambariki.

Nimejiuliza sana mchezo huu una nini. Watu wenye elimu watakuwa na maelezo yao. Mimi nitakupa yangu. Kwanza, hauna herufi. Maisha yangu yote kila kitu kimeanza na "soma hapa, tia sahihi hapa," nami nikatafuta mtu wa kunisomea. Huu haukuniuliza lolote. Na uzito naujua. Nimebeba watoto mgongoni. Mtoto akilala, anakuwa mzito hadi kiuno kinalia. Akiamka, mwepesi, na mtoto ni yule yule. Nilipoona kajiwe kale nikasema, aha, huyu analala na kuamka.

Nakiri pia kwamba naucheza mchana mzee akisinzia. Nimeunguza sukuma wiki kwa ajili yake. Nimeunguza hata sufuria.

Lakini kwa mzee nadhani ni jambo lingine. Ule mchezo haujui kwamba yeye ni mgonjwa. Hauachi kifuniko wazi. Akikosea, kajiwe kanatumbukia, kama ambavyo kangetumbukia kwa kijana wa Buruburu mwenye vidole kumi vizima. Simu haina huruma. Na huruma ndiyo iliyokuwa inamuua.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Nilimgombeza Baba Akinyi, kumbe mimi ndiye mkubwa wao. Nani anamlisha kwa kijiko mtu mwenye mkono wa kushoto mzima? Akina mama wa kanisa wakija na unga na sukari yao, wanasimama juu ya kitanda na kuniuliza mimi, "Mzee anaendeleaje?" Nami najibu. Yeye yuko pale. Macho yake yako pale. Najibu mimi.

Kuna sehemu moja iliyomshinda wiki nyingi. Ubao mwembamba umelazwa juu ya mawe mawili. Kajiwe kakiwa kazito, ubao unapinda katikati. Ukitoa kidole ghafla, ubao unajinyoosha na kukarusha juu. Ghafla ndiyo siri yake. Ukichelewa, kanabaki pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Na kidole cha mzee kinachelewa. Kinashika vizuri, kisha hakitoki. Nilikuwa nakiona kikitetemeka, mishipa ya shingo imesimama, jasho na baridi hii yote. Siku moja nikashindwa, nikanyoosha kidole changu nikiinue chake kidogo tu. Akanitazama. Alinipa lile jicho alilompa Baba Akinyi.

Nikaukalia mkono wangu. Kweli, niliuweka chini ya makalio yangu nikaukalia. Hujui kazi ilivyo ngumu.

Sasa leo.

Tulikuwa tumekula. Shiru alikuwa anakunja blanketi. Mzee alijaribu ule ubao, akashindwa, akajaribu, akashindwa. Halafu akanisukumia simu kwa mkono wa kushoto na kuelekeza kidevu: haya, wewe.

Mimi? Nikafuta mikono kwenye leso. Nikajifanya najua. Nikafinya, ubao ukapinda, nikaachilia, kajiwe kakaruka kando na kutumbukia. Nikarudia. Kakatumbukia. Mara ya tatu hata ubaoni sikukafikisha. Nikapandwa na hasira.

"Shiru, hii kitu yako imeharibika."

Nikasikia sauti kitandani. Nilidhani ni redio ya jirani.

"Mm... boga."

Blanketi likamtoka Shiru mikononi. Mimi nikageuka polepole, naogopa kukitisha kitu kilichotua. Mzee wangu alikuwa ananitazama usoni, vile vile alivyowatazama pale sokoni. Akalitafuta neno tena, akalipata.

"Mboga."

Miaka yote hii ya ndoa hajawahi kunitukana. Leo ametukana, na sijawahi kupewa kitu kitamu kama hicho. Nikampiga kwa leso, machozi yananitiririka. "Nani mboga? Wewe ndiye mboga! Tena iliyolala, ya kupasha!" Akacheka. Upande mmoja wa mdomo tu ndio uliopanda, lakini tumbo lilicheka lote.

Akadai simu. Akaweka kidole. Ubao ukapinda. Na kidole kikatoka. Kikatoka chenyewe, hivi, kama mtu aliyeguswa na moto.

Kajiwe kakapanda juu, kakaelea. Akasahau kukarudishia uzito, kakashuka polepole kama unyoya hadi pale pale kalipotoka. Hakuvuka.

Sijali. Kidole kimeachilia. Nimekiona kwa macho haya.

Nikajitanda leso kichwani, nikatoka na manyunyu yale hadi sokoni. Wazee walikuwa wamejibana chini ya turubai la fundi viatu, Baba Akinyi katikati yao. Aliponiona akasimama, uso umemwisha rangi. Alidhani nimeleta ile habari nyingine.

"Kaa chini, hajafa," nikamwambia. "Kesho baada ya kanisa ulete ubao."

"Mama Wangari, yale ya siku ile..."

"Ulete ubao. Na ukiacha hata kifuniko kimoja wazi, nitakufukuza kwa mwiko hadi Jogoo Road."

"Na akishindwa?"

"Ashindwe! Aliwahi kukuomba huruma?"

"Hata siku moja." Akanitazama. "Ameongea?"

"Ameniita mboga."

Mngesikia kelele za wale wazee. Mmoja aligonga kiti kwa nyundo ya fundi viatu, mwingine akaapa kwamba tusi hilo ni lake, analidai tangu mwaka jana. Baba Akinyi peke yake hakupiga kelele. Alikaa, akauweka ubao magotini, akaanza kuufuta kwa mkono wa sweta, mraba mmoja mmoja, na ulikuwa hauna vumbi.

Sasa nimerudi. Mzee amesinzia, simu kifuani. Kidole gumba kinafinya hewa na kuiachilia. Sijui kesho atasema neno jingine au atarudia ukuta. Binti wa kliniki ameniambia nisihesabu chochote kabla hakijaiva. Lakini uji wa jioni nitaweka kijiko mkononi mwake, kisha nitaukalia wangu tena. Umwagike ukimwagika. Shuka zinafuliwa.

Na wewe uliyepotea, ukija tena kwetu, acha uso wa matanga pale getini. Usiniulize mimi anaendeleaje. Pita hadi kitandani, msalimie yeye kwanza, kisha ungoje jibu lake. Litachukua muda. Akikutukana, mrudishie. Usimsaidie neno, usimmalizie, ngoja tu.

Chai ikipoa, nitaipasha.