Viwavi Wenye Homa

Jumatatu, 3 Machi
Nimepulizia! Kabichi zote, jioni jua lilipopoa, maana bwana shamba alisema jua kali linaua kuvu. Mama mkwe kasimama mikono kiunoni. Dawa gani haina hata harufu? Nikamwambia si sumu, ni kuvu — kiwavi anaugua, anakufa, anaambukiza wenzake. Kumbe umewaletea homa, akasema. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akacheka mpaka akashika mbavu. Tulishakubaliana: kabichi zikiliwa, shamba linarudi kwake na sumu zake, mimi narudi jikoni. Haya, tutaonana.

Jumatano, 5 Machi
Viwavi wazima. Wanene! Mama mkwe kila saa: wagonjwa wako wameamkaje?

Alhamisi, 6 Machi
Wanakula tu. Shemeji kapita na bomba la kupulizia mgongoni, eti ananyoosha miguu. Na bomba? Nimemtimua. Mume wangu anasema subira huvuta heri. Aje aivute yeye basi.

Jumamosi, 8 Machi
Mmoja nimemgusa, hakujikunja. Au kashiba?

Jumatatu, 10 Machi
WAMEKUFA! Wamekauka juu ya majani, wameota manyoya meupe — ndiyo kuvu yenyewe, na hiyo ndiyo itawamaliza waliobaki, na waliobaki si haba. Nimerukaruka kati ya matuta peke yangu kama mwehu. Nikamwita mama mkwe. Kavaa miwani, kainama, kayatazama yale meupe, kaondoka akitikisa kichwa. Kanuna. Shauri yake.

Jumanne, 11 Machi
Mungu wangu. Nimerudi kutoka kisimani, namkuta mama mkwe shambani, bomba mgongoni, kalowa hadi magotini, anatabasamu! Hajalala, maskini, tangu aone kabichi zangu zimeingia ukungu. Asubuhi kaenda dukani mwenyewe, kanunua dawa ya ukungu. Dawa ya kuua kuvu! Kapulizia matuta yote kasoro mawili. Nimekuokoa mwanangu, kasema, shemeji yako hatajua kama uliharibu. Akanikumbatia, na bomba lake. Miaka sita ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza. Nikalia. Akadhani ni shukrani — na kweli nusu ilikuwa shukrani.

Nikimwambia, shemeji atamcheka yeye mwaka mzima. Nisipomwambia, matuta mawili nayo yanakwenda. Nimeingia ndani eti namchotea maji ya kuchanganyia dawa. Ndoo imejaa zamani. Anaita tena, mwanangu, mbona unakawia?