Dawa ya Kuzuia

Songo, Uvira, 12 Februari 2024

Mama mpenzi,

Shalomu. Hujambo? Ng'ombe nao? Sisi wazima, na habari ninayo: nina mimba! Baada ya ile tuliyoipoteza mwaka jana, mkwe wako Ngabo anatembea akicheka peke yake. Ila hata maji hayakai tumboni. Maziwa uliyompa jirani yako Sebagenzi atuletee niliyanusa tu, nikakimbilia nje. Jana muganga wa hospitali amenipa dawa ya kuzuia. Uniombee.

Binti yako,
Uwamahirwe

Bijombo, 17 Februari 2024

Mwanangu,

Salamu za Bwana. Huku tu wazima, ng'ombe pia. Barua yako niliwasomea akina mama wa kanisa kwa furaha, nilipofika mwisho nikaona aibu. Dawa ya kuzuia! Mungu amekupa mtoto, nawe unazuia? Nani hajui dawa hiyo inazuia nini? Itupe ziwani leo hii. Kutapika hata mimi nilitapika, na wewe ukazaliwa.

Mama yako, mwenye hasira

Songo, 28 Februari 2024

Mama,

Shalomu. Nakuandikia kutoka hospitali, usishtuke, nimeketi. Nilikutii, nikaitupa. Nilitapika mpaka nikashindwa kusimama, Ngabo akanibeba mgongoni hadi kwenye pikipiki. Niliogopa sana kumpoteza na huyu. Muganga Blandine aliposoma barua yako alicheka akishika mbavu: «Mama yako iko anafikiri ni ya kuzuia kuzala! Minye nilikupa ya kuzuia kutapika!»

Kuzuia KUTAPIKA, Mama. Neno moja nililiacha, likatuponza. Wamenitundikia chupa ya serumu, wamenipa vidonge vingine. Leo nimekula uji, na umekaa. Umekaa, Mama! Moyo wa mtoto tumeusikia, unapiga mbio. Vidonge hivi nitavimeza hata ukasirike tena.

Binti yako mkaidi

Songo, 16 Septemba 2024

Bibi wa Irakiza,

Shalomu! Umesoma vizuri: wewe ni bibi. Msichana, mnene, ana sauti ya kukusanya ng'ombe wa Bijombo yote. Mimi mzima kabisa. Maziwa yako nimeyanywa kidumu kizima, Sebagenzi ni shahidi. Barua hii wasomee akina mama wa kanisa kwa sauti, usiruke neno, kisha ushuke haraka umwone mjukuu wako.

Akishanyonya, anacheua kidogo begani kwa baba yake. Ngabo alitaka kukimbilia dawa. Nimemwambia hiyo hatuizuii.

Mama Irakiza