Ukoko Nilioukataa Mbele ya Douglas

Bi Faridah mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali usinihurumie kabla hujafika mwisho.

Mimi ni Mkenya wa miaka hamsini na sita, naishi Ilford, nilifika nchi hii na begi moja nikaanza kwa kupanga sinia za chakula cha ndege kwenye ghala kule Hayes, leo nina vani sita za mizigo na madereva tisa, na hakuna aliyenishika mkono, hilo nataka lieleweke. Kwenye zile sinia ndiko nilikokutana na Yokasta, msichana wa Jamhuri ya Dominika kutoka mji wa Baní, aliyekuwa akimaliza sinia mbili mimi nikiwa kwenye moja, nikamwoa, tukapata binti mmoja, Daisy, ambaye sasa ana miaka kumi na saba na anaelewa kila neno la Kiswahili ninalosema lakini hunijibu kwa Kiingereza.

Chakula cha kwao nilikipenda, sikatai. Jumamosi asubuhi ni mangú, yaani ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa na siagi, juu yake vitunguu vya siki, kando yai na jibini ya kukaanga, na ukifumba macho unaapa ni matoke ya shangazi yako. Jumapili saa saba mchana ni wali mweupe, maharagwe mekundu na nyama, sahani ambayo kwao huitwa bendera. Sasa hapo kwenye bendera ndipo palikuwa na shida yangu. Kila Jumapili, kabla hajampakulia mtu yeyote, Yokasta alikuwa akiichokonoa ile sufuria yake nzito ya alumini, anabandua ukoko wa chini, ule wa kahawia, mgumu, na kuuweka kwenye sahani yangu. Yangu peke yangu. Bi Faridah, kwetu Nyeri ukoko ulikuwa wa mtoto aliyeosha sufuria. Nikawa nakula kimya na kuweka moyoni, na kwa sababu mimi ni mtu wa hesabu nimeipiga: miaka kumi na tisa ni Jumapili 988, toa kumi na mbili tulizokuwa Kenya, zinabaki 976.

Oktoba iliyopita akaja kula kwetu rafiki yangu Douglas, tuliyesoma naye. Akaangalia sahani yangu, akaangalia yake, akacheka. "Mzee, kumbe hapa kwako mwenye nyumba ndiye anakwangua sufuria?" Damu ikanipanda. Nikaisukuma ile sahani nikasema kwa Kiingereza ili kila mtu asikie, "Mgeni anapewa wali laini na mimi napewa kilichoungua, miaka kumi na tisa, kampe mbwa." Yokasta alichukua ile sahani, akaenda kusimama kwenye sinki akatugeuzia mgongo, akaula ule ukoko wote, tukawa tunausikia ukivunjika kwenye meno yake. Jumapili tatu zilizofuata nilipewa wali laini, mweupe, kama wa Douglas, na mimi nikadhani nimeshinda. Jumapili ya nne hakukuwa na wali. Alikuwa amehamia kwa binamu yake Croydon, na kila kitu chake alichukua isipokuwa ile sufuria.

Tangu hapo kila Jumapili nafunga safari hadi Seven Sisters kwenye mkahawa mdogo wa Doña Mireya, mama mtu mzima wa Kidominika anayeita kila mteja mpenzi wake, nakaa meza ya mwisho karibu na mlango wa choo kwa sababu ndiyo yenye kiti kimoja, naagiza bendera, nakula, narudi Ilford, na siongei na mtu mpaka Jumatatu madereva wakipiga simu. Nimekwenda mara thelathini na moja. Jumapili iliyopita Doña Mireya akaniletea kisahani ambacho sikuagiza, na ndani yake ukoko. Nikaona basi, hata huku! Nikamwambia, "Mama, nimeagiza chakula, kwa nini unaniletea kilichoungua?" Mkahawa mzima ukacheka. Jamaa wa meza ya pili akasema, "Mimi nauomba huo tangu Krismasi na ananinyima!" Doña Mireya akaniwekea mkono begani. "Mpenzi, huu hauuzwi. Sufuria ni moja, na wote wanautaka, kwa hiyo anayepika huchagua mtu mmoja. Huu ni wa mume wangu. Leo nimemnyima kwa sababu nimechoka kukuona umekaa hapo."

Nilipofika nyumbani nikamwuliza Daisy, aliyebaki nami lakini hula chumbani kwake, kama alijua. Akaniambia, "Kila mtu alijua, baba, mimi nilikuwa naulilia nikiwa mdogo na mama ananiambia ni wako."

Sasa Yokasta anarudi Baní kumtunza mama yake, tiketi ya kwenda tu, tarehe kumi na nne Julai, zimebaki siku kumi na tisa. Ninachofikiria ni kuukodi mkahawa wote wa Doña Mireya, nialike watu arobaini, Douglas awepo, nisimame niseme nilikosea. Daisy anasema ni wazo baya. Mimi sijawahi kushindwa na kazi niliyoipanga vizuri. Nifanyeje?

Mla Peke Yangu,
Ilford

*

Kaka wa Ilford,

Barua yako nimeirukisha foleni kwa sababu ya hiyo tarehe, kwa hiyo soma umesimama.

Kwanza, pole. Meza ya mlango wa choo mara thelathini na moja si mchezo, na mtu mzima kula bila wa kumpitishia chumvi ni jambo linaloumiza hata tukijifanya tumezoea. Nimeshayasema hayo, sasa nisikilize. Mimi ni mtu wa Mombasa, ukoko kwetu ndugu hununiana kwa ajili yake, na nilipofika kwenye ile "kampe mbwa" niliiweka barua yako chini nikaenda kunywa maji. Umehesabu Jumapili 976 bila kukosea hata moja. Sasa nihesabie mara ulizomwuliza mkeo, "Mbona huu unanipa mimi?" Hukuuliza hata mara moja! Swali la maneno manne, baba, na ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Na yeye pia angeweza kusema. Ndiyo. Lakini yeye alidhani anasema, kila wiki, saa saba mchana.

Watu arobaini wafute. Hukumtukana mbele ya watu arobaini, ulimtukana mbele ya Douglas, na Douglas mmoja anatosha kabisa. Umezoea kupakia mizigo, sasa unataka kuipakia aibu yako kwenye vani na kumshushia mlangoni. Wewe ulimwaibisha mezani kwako, jikoni kwako. Hukohuko ndiko utakakotengeneza.

Una Jumapili tatu kabla ya safari yake. Leo hii mpigie simu Yokasta, usitume Daisy, usiandike ujumbe. Sema ulichosema, useme na neno la mbwa kwa mdomo wako, usilizungukezunguke, kisha mwombe aje kula Jumapili ya tatu. Akisema hapana, mwulize kama unaweza kumpelekea Croydon. Akisema hapana tena, mshukuru na umtakie safari njema, na usimtokee uwanja wa ndege kama mtu wa sinema.

Jumapili ya kwanza nenda kwa Doña Mireya, lakini usikae. Ingia jikoni, mwombe akufundishe, na umwombe radhi kwa kisahani kile. Jumapili ya pili pika nyumbani kwa ile sufuria. Usiniulize aliiacha kwa maana gani, hilo utamwuliza yeye. Utaunguza, na Daisy atakucheka, na mtacheka wote wawili, na hicho kitakuwa chakula chenu cha kwanza pamoja tangu Novemba. Maji yakikauka punguza moto, funika, na usifunuefunue. Najua watu wa hesabu hampendi kusubiri kitu msichokiona.

Jumapili ya tatu, akija, usimwombe abaki. Ana mama mgonjwa au mzee wa kumtunza, na wewe huna haki ya kushindana naye. Douglas mweke mezani, akae hapohapo alipokaa. Kisha bandua ukoko wote, wote kaka, uweke kwenye sahani ya Yokasta kabla hujampakulia mtu yeyote, na Douglas akifungua mdomo mwambie ale.

Wewe siku hiyo utakula wali laini. Yeye ataamua kama anakumegea.

Bi Faridah