Majani ya kilio ku mulango ya Tata Mukendi

Siku ya posho, Jumamosi. Mvula ya usiku imesimama, lakini miti ingali inadondosha maji mu lupango, mu kiwanja ya nyumba. Moyo yangu leo iko mwepesi. Nilikuwa nimesahau moyo mwepesi iko namna gani.

Cité yetu, mutaa ya batumikaji ba mugodi, iko nyuma ya Kapata, pale pori inaanzia. Wakati kampuni ya mugodi ilijenga hizi nyumba, ba tata baliomba kila lupango ibakie na muti moja ya pori. Bakubwa bakaitika. Njo maana mugeni akifika anasema hii ni mugini, haiko cité. Tuko na mihogo nyuma ya nyumba, mbuzi mu barabara, na mvula ikianza ba mama banaokota buyoga karibu na mulango.

Kwetu ilibakia musuku. Kwa Tata Mukendi, jirani yetu mwenye kutoka Kasai, jimbo ya mbali, ilibakia mupundu mukubwa. Ye na tata yangu balitumika kazi pamoja mu kampuni. Mutoto yake mwanamuke, Ntumba, mwenye kuniita yaya, kaka yake mukubwa, na mi tulikula matunda ya ule mupundu mpaka tumbo kuuma.

Kisha kampuni ikaanguka, mishahara ikakatika, batu bakaanza kusema ba Kasai bote barudie kwabo. Bajeunes, ni kusema vijana, balikuwa banapita nyumba ku nyumba, banatosha batu inje.

Tata yangu akapata mawazo. Huku, majani mabichi ku mulango ni alama ya kilio, na hata muhuni haingie mu nyumba yenye kilio. Akakata matawi ya mupundu, akafunga na kamba ku mulango ya Tata Mukendi. Bajeunes bakafika, bakaona majani, bakapita.

Mi nilikuwa kijana mwenye kumaliza masomo. Barafiki bangu bakaniseka ku robine, pale tunachota maji: "Tata yako analilia bilulu. Na we utanyoa kichwa?" Bilulu ni badudu. Njo vile tulikuwa tunaita bale batu. Hata mi.

Asubui, mbele ya jua kutoka, nilifungua kamba, nikatosha ile majani.

Siku ile ile bajeunes bakaingia. Jioni Tata Mukendi na bake bote balikuwa ku gare, banaikala chini, banangojea treni. Tata yangu akasema ni upepo ilibeba majani. Akalaumu upepo, akalaumu na kamba yake, mpaka akakufa.

Mi nikanyamaza.

Leo Ntumba alifika. Sasa ni mama mukubwa, anauzisha bitenge kule Fungurume. Alisema anataka tu kuona muti yabo. Wakati ya njaa batu balikata miti mingi juu ya kuchoma makala, lakini ule nilikataa baukate. Nikamuwekea kiti chini yake.

"Ntumba, ile majani ya kilio, njo mi nilitosha."

Akaangalia juu mu matawi. "Tata alikuona ku dirisha, yaya Ngoy."

Akanielezea. Tata Mukendi alikuwa anaogopa ile majani kupita vile aliogopa bajeunes. Kufanya kilio bila mufu, kwake, ilikuwa kuita kifo mu nyumba, lakini alisikia haya kumukatalia tata yangu. Aliponiona nafungua kamba, akasema: uyu mutoto anatutoshea kifo. Mu treni batoto ba bengine balikufa njiani. Bake bote balifika bazima. Mpaka mwisho wake kule Kasai, ye alikuwa anasali juu yangu.

Sikujua nilie ao niseke. Nikamwambia ukweli: sikuokoa mutu. Niliogopa tu kusekwa.

"Najua. Ile siku ku robine nilikuwa nyuma yenu na ndoo," akasema. "Tata alikuwa anakuombea. Mi, hapana. Leo nitaanza."

Kisha akaomba kitunga aokote mapundu, akanituma nitikise matawi, akaniseka vile mugongo unanilalamikia.

Amekwenda na kitunga yenye kujaa. Mi nimebakia hapa chini ya muti, nakula yenye aliacha.

Kesho, kisha misa, nitaenda ku kaburi ya tata yangu. Nitamwambia haikukuwa upepo. Kamba yake ilikuwa ya nguvu.