Mihogo Uliyokataa Kuiloweka

Papa Neema,

Ninakuandikia mbele za watu kwa sababu namba yangu umeifunga, na mtu akifungiwa simu hana budi kupaza sauti. Hujambo? Nimesikia umenenepa. Lubumbashi imekukubali, na mimi nimefurahi, maana hapa Bukavu ulipokuwa ukitulisha vyakula vya asili tupu ulikonda mpaka suruali zako za ofisini ukawa unazifunga kwa kamba. Inaonekana huko unakula nyama.

Unakumbuka ilivyoanza? Mradi uliokuwa ukikupa mkate ulifungwa, wakubwa wakaondoka na kompyuta zao, ukabaki nyumbani Bagira ukitazama video za chakula kwenye simu. Kwanza nilimshukuru Mungu. Waume wa wenzangu walipokosa kazi walihamia kwenye pombe ya ndizi, wewe ukahamia kwenye mboga. Ulitoa soda mezani, ukatoa sukari, ukatupa yale mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kuwa meusi. Ulileta lengalenga, maharagwe, viazi vitamu, maboga. Tumbo langu lililokuwa likinisumbua tangu nimzae Neema likatulia. Hilo sikunyimi.

Jumamosi tulikwenda Kavumu kwenye shamba la marehemu baba yako, Neema akiwa mabegani mwako, akikushika masikio. Kwa akina mama wanaouza matunda barabarani ulimfundisha kubonyeza avoka karibu na kikonyo ili ajue kama imeiva. Alibonyeza zote, akina mama wakamkaripia, wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikupenda sana siku zile. Nalisema hili ili usije ukawaambia watu kwamba nilikuchukia tangu mwanzo.

Kisha kanisani wakakuomba ufundishe mambo ya chakula. Akina mama waliandika kila ulilosema, wakakuita docteur, na wewe hukuwasahihisha. Tangu hapo mboga hazikukutosha tena, ilibidi kila wiki upate kitu kipya cha kukataza. Sambaza, vile visamaki vya ziwani vilivyotulea sote, ukasema wauzaji wanavitia dawa ya inzi. Mayai ukakataza kwa sababu kuku wanapigwa sindano. Maharagwe ya sokoni nayo yakaondoka, eti yana unga wa kuua wadudu. Mwishowe ikabaki mihogo ya Kavumu na sombe ya majani yake, asubuhi na jioni, na wewe ukituombea baraka kwa sauti ndefu.

Halafu ukanikuta nyuma ya nyumba nikimwaga maji ya mihogo. Unajua vizuri kwamba mihogo ya shamba lile ni michungu. Baba yako aliipanda makusudi kwa kuwa wezi hawaigusi. Mwanamke yeyote wa hapa Kivu anaimenya, anaitia majini, anaiacha siku kadhaa mpaka ilainike na maji yanuke, ndipo anaanika. Wewe uliyatazama maji meupe yakienda mferejini ukashika kichwa. Ukaniambia ninamwaga vitamini zote. Nikakujibu kwamba mama yangu aliloweka, na bibi yangu pia. Ukasema ndiyo maana walikufa maskini.

Kuanzia siku ile hukuniachia tena kazi hiyo. Ulimenya mwenyewe, ukakata vipande, ukaanika juu ya bati, ukapeleka kusagwa. Hukuwahi kunisaidia hata kufua soksi zako, lakini mihogo ile uliihudumia kwa mapenzi yote. Neema alipokunja uso kwa sababu bugali ilikuwa chungu, ulimwambia uchungu ndio dawa. Alipoanza kutapika jioni na kulia kwamba kichwa kinamuuma, ukasema mwili wake unatoa sumu. Ulifurahi, Papa Neema. Ulimpiga picha akiwa ameshika ndoo.

Asubuhi moja aliamka aende shule. Akasimama, miguu ikakakamaa na kutetemeka, akaanguka mlangoni akiwa na sare yake. Kwanza alicheka, akidhani ni ganzi. Alijaribu tena, akaanguka tena, na hakucheka.

Hospitalini daktari, mama bado kijana, aliuliza tunakula nini. Kabla sijafungua mdomo ulianza kujibu kwa sauti yako ya mafundisho. Alikusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mihogo tunailoweka kwa muda gani. Ukanyoosha mgongo.

"Siye hatulobekake, docteur. Tunakulaka bio, chakula ya asili."

Aliweka kalamu chini. Akatueleza taratibu kwamba mihogo michungu ina sumu, na sumu hiyo huondolewa na yale maji tunayoyamwaga. Mtu akiila hivyo kila siku, bila samaki, bila maharagwe, bila yai, mwili wake haupati cha kujikinga nacho. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Unaikamata miguu na hauirudishi, ila mazoezi yatamsaidia mtoto asimame. Hakukukaripia hata kidogo, na mimi nilitamani sana akukaripie. Wewe ulimuuliza kama kuna mizizi ya kuchemsha.

Tulipokuwa tukirudi, Neema yuko mgongoni mwangu, ukasimama katikati ya njia ukaniambia bila shaka mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kwa siri vile vidonge vya mchuzi vya dukani. Mwezi haukwisha, ukafunga mizigo kwenda kutafuta kazi. Ulibeba mashine yako ya kutengenezea juisi. Viatu vya shule vya mtoto, vilivyokuwa mlangoni, ulivisukuma kwa mguu ili upite.

Sasa nikupe habari zake. Neema anatembea kwa magongo mawili, kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana. Darasani ni wa pili, na hakupata akili hizo kwako. Anakula sambaza, maharagwe, lengalenga, avoka, mayai ya kuku wa jirani, na bugali ya mihogo iliyolowekwa mpaka ikanuka mtaa mzima. Vyote hivyo ni vya asili na ndivyo vilivyomtoa kitandani. Sina ugomvi na chakula cha udongo wetu. Hata ile sumu ilikuwa ya asili, hakuna kiwanda kilichoitia. Hilo hukulitazama kwenye video.

Wiki iliyopita, kwenye kikundi cha simu cha akina mama wa kanisa, ilifika sauti yako ukifundisha huko Lubumbashi. Nilikutambua kwa kikohozi kabla hujasema neno. Unawaambia wasiloweke mihogo. Unawaambia una binti aliyekuwa dhaifu, unga wako ukamwinua, na sasa anakimbia kuwapita wavulana. Nasikia akina mama wakiitikia amina. Wewe mama wa Lubumbashi unayesoma hapa, loweka. Yamwage maji yale yote, na mtoto mpe samaki. Mwanamume huyu hajawahi kumponya mtu yeyote.

Sikujua kwamba Neema anasikia. Alikuwa kwenye mkeka akinyoosha miguu yake kama alivyofundishwa, na simu yangu ina sauti kubwa. Akaacha mazoezi.

"Maman, ule mutoto mwenye anakimbia ni nani? Papa iko na binti mwengine?"

Niliyaangalia magoti yake, nikamwambia ndiyo.

Akauliza kama ni mkubwa kwake au mdogo. Nikasema mdogo. Sasa anajua kwamba ana mdogo wake huko kwako, mwenye miguu mizuri, na ameniomba nimfikishie salamu. Basi umsalimie. Huyu wa hapa usimtafute tena.

Mimi,
Mama Neema