Msiwashe Kiberiti

Klara,

Uji wa bibi yako umo kwenye chupa ya chai. Mbuzi mpe majani. Na kiberiti msiwashe mpaka nirudi.

Najua ulitaka kunifurahisha. Kesho Majilio yanaanza, ukaona majivu yamejaa jikoni, ukamwaga maji, ukasugua mpaka mafiga yakang'aa. ~~Umeniua, mwanangu.~~ Umesugua vizuri. Unamfagilia nyumba Bwana anayekuja, halafu unamzimia moto baba yako!

Chini ya majivu yale kulikuwa na makaa ninayoyafukia kila usiku tangu baba yako alipokwenda vitani Kagera. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Klara, moto huu usizimike. Nitarudi kuuota." Wenzake wamerudi. Watu wananiambia nivae nguo nyeusi. Mimi nachochea.

Ulipokwenda mtoni nilikaa mbele ya jiko lililopoa, ukungu ukaingia mpaka ndani, hata kusali nikashindwa. Ndipo nikakumbuka: wakati wa masika, paa la Jenoveva lilipovuja na kumzimia moto, alikuja kuomba moto hapa kwetu, na kwake haujazimika tangu siku ile. Ni moto wetu ule ule. Naufuata. Nitaubeba kwenye kigae, polepole. Kwa ukungu huu, atakayekutana nami njiani ataona kaa jekundu tu linakuja lenyewe.

Andaa kuni kavu. Na kile kigoda cha baba yako ulichokitoa nje, kirudishe karibu na mafiga.

Mama yako